Swali: Vita vya Waridi kule Uingereza, mkulima wa kawaida alikuwa anapigania nini?

Fundi wa Njoro

Habari zenu wapenzi wa historia. Mimi ni seremala hapa Njoro, na nikipiga msasa huwa nasikiliza vipindi vya historia kwenye simu. Sasa hivi niko kwa Vita vya Waridi, vile watu wa York na watu wa Lancaster walivyouana kwa ajili ya taji la Uingereza.

Kuna jambo linanisumbua. Naambiwa chanzo ni watoto wa Mfalme Edward III, aliyekufa 1377. Mwaka 1399 Henry wa Lancaster akampindua binamu yake Richard II, akajivika taji. Hapo naelewa. Lakini pigano la kwanza la vita hivi ni St Albans, tarehe 22 Mei 1455. Ni karibu miaka 80 tangu Edward azikwe! Hasira gani inakaa muda huo wote ndipo ilipuke?

La pili: mtu mwenye ng'ombe wawili na shamba la kukodi kule Yorkshire, alijali nini kama huyu ametoka kwa mwana wa pili wa Edward na yule kwa mwana wa tatu? Mbona akubali kwenda kufa?

Nyota ya Ziwa, Kisumu

Fundi, swali lako la kwanza mimi ningelijibia chumbani kwa Mfalme Henry VI, mjukuu wa yule Henry wa Lancaster. Mimi ni muuguzi, na sehemu hii naisoma polepole kila mara.

Agosti 1453 mfalme alikuwa na miaka 31. Akili ikamzimika ghafla. Hasemi, hamtambui mtu, kutembea ni mpaka ashikwe. Oktoba mkewe, Margaret wa Anjou, akajifungua mtoto wa kiume. Wakampeleka mtoto Windsor ambarikiwe na baba yake. Mtawala wa Buckingham, lodi mkubwa, akambeba akamsogeza, hakuna jibu. Malkia naye akambeba, hakuna jibu, ila mara moja tu mfalme alimtazama mtoto kisha akainamisha macho tena. Babu yake mzaa mama, Charles VI wa Ufaransa, aliugua akili miaka mingi. Wanaomwandika Henry kama mfalme mzembe hunikera sana. Alikuwa mgonjwa, na nchi haikujua ifanye nini na mfalme aliye hai lakini hayupo.

Machi 1454 Richard wa York, mkuu wa ukoo wa York, akafanywa mlinzi wa ufalme, yaani wa kutawala badala ya mfalme, na Somerset, hasimu wake, alikuwa kizuizini Mnara wa London. Krismasi mfalme akapata nafuu. York akaondolewa, Somerset akaachiliwa. Mei ikawa St Albans, na Somerset akauawa huko huko.

Karani Mstaafu, Kakamega

Dada Nyota ameeleza ugonjwa vizuri sana, sitaurudia. Nitaongeza upande ninaoujua mimi, wa ardhi.

Fundi, hasira ya miaka 80 haikuwepo. Richard wa York alimtumikia Henry VI kwa muda mrefu, akawa mwakilishi wake Ufaransa na baadaye Ireland, na serikali ikabaki na deni lake kubwa. Hata baada ya kushinda St Albans hakudai taji. Alilidai Oktoba 1460, alipoingia ukumbi wa Bunge pale Westminster akaweka mkono juu ya kiti cha enzi kilichokuwa kitupu, na malodi waliokuwemo hawakumshangilia. Mpaka siku hiyo nasaba yake ilikuwa imelala tu kwenye karatasi.

Kazi yangu ilikuwa faili za ardhi mpaka nilipostaafu. Kesi ya binamu juu ya shamba la babu haianzi siku babu anazikwa. Watalima vizazi viwili bila neno. Inaanza siku mmoja anataka kuuza, na papo hapo anatokea jirani mwenye ugomvi wake wa mpaka wa makonge na upande mmoja, anajitolea kuwa shahidi wa upande wa pili. Faili inanenepa, na mengi yaliyomo hayamhusu babu hata kidogo.

Huko kaskazini mwa Uingereza majirani hao walikuwa akina Percy na akina Neville. Agosti 1453, wakati ule ule mfalme anaugua, Thomas Neville alimwoa Maud Stanhope, mpwa na mrithi wa Lodi Cromwell. Cromwell alikuwa anamiliki Wressle, na Wressle ilikuwa mali ya akina Percy zamani. Yaani ardhi ya Percy ilikuwa njiani kuingia mikononi mwa Neville kupitia harusi. Waliporudi kutoka harusini, Thomas Percy, Lodi Egremont, akawazuia Heworth karibu na mji wa York akiwa na kundi kubwa la watu wenye silaha. Miaka miwili baadaye Neville wako na York pale St Albans, na mmoja wa waliolala chini ni mkuu wa ukoo wa Percy, mtawala wa Northumberland. Uadui wa mashamba ukaingia ndani ya uadui wa taji, na kuanzia hapo huwezi kuutoa.

Sasa la pili. Mtu mdogo naye alikuwa na kesi, na korti ilikuwa ya mwenye nguvu. Tafuta barua za familia ya Paston wa Norfolk. Mwaka 1448 Lodi Moleyns aliwanyang'anya shamba la Gresham. Margaret Paston akamwandikia mumewe aliyekuwa London amnunulie pinde za chuma za kulinda nyumba, na katika barua hiyo hiyo akaomba ratili moja ya lozi, ratili ya sukari, na kitambaa cha kushonea watoto nguo. Hiyo orodha naijua kwa moyo. Januari 1450 watu wa Moleyns wakaja, 1,000 kwa hesabu ya mumewe, wakachimba ukuta wa chumba alichokuwa Margaret mpaka ukaanguka, wakambeba wakamtoa nje ya lango. Kesi ilipofika, sherifu alisema ana barua ya mfalme ya kumtaka achague baraza la mahakama litakalomwachilia Moleyns.

John Paston alikuwa mwanasheria, na hayo yakampata. Je, mwenye ng'ombe wawili? Alihitaji lodi wa kumsemea, na akishapata lodi anavaa alama yake kifuani. Lodi akiita, anachukua upinde anaenda. Wengine walienda kwa sababu mji wao ulipewa amri ya kutoa watu. Wachache sana walikuwa na habari ya mwana wa pili na wa tatu.

Fundi wa Njoro

Mzee, asante sana. Hiyo barua ya sukari na pinde imenigusa. Niulize tena: hakukuwa na wazee wa kuwakalisha chini? Huku kwetu hata damu ikimwagika, kuna watu watakuja kuwapatanisha.

Nyota ya Ziwa, Kisumu

Walijaribu, Fundi. Machi 1458, na mfalme mwenyewe ndiye aliyelitaka sana. Walitembea kwa maandamano mpaka kanisa la Mtakatifu Paulo London wameshikana mikono, Malkia Margaret na York, mtawala wa Salisbury wa akina Neville na Somerset kijana, yule aliyeuliwa baba yake. Mimi namheshimu Henry kwa siku hiyo. Mzee atakueleza mambo ya fidia.

Karani Mstaafu, Kakamega

Fidia ilikuwepo. York na akina Neville walitakiwa kuipa abasia ya St Albans pauni 45 kila mwaka za misa za kuwaombea waliokufa. York ampe mjane wa Somerset na watoto wake maki 5,000 (maki ilikuwa theluthi mbili za pauni). Lakini angalia: hizo maki zilitolewa katika deni ambalo serikali ilikuwa inadaiwa na York. Mjane alipewa karatasi ya kwenda kudai pesa kwenye hazina isiyo na pesa. Warwick, wa akina Neville, naye alikuja London na watu wake wamevaa jaketi nyekundu zenye alama ya gongo lenye visiki vya matawi, tayari kwa lolote. Hakuna aliyeambiwa avue.

Kwa hiyo watoto wa waliouawa St Albans wakabaki na lao. Desemba 1460 York aliuawa Wakefield, na kichwa chake kikatundikwa kwenye lango la mji wa York kikiwa na taji la karatasi. Mwanawe Edmund, miaka 17, aliuawa siku hiyo hiyo. Tarehe 29 Machi 1461, Jumapili ya Matawi, wakakutana Towton ndani ya theluji, upepo ukisukuma mishale ya upande wa York mbele na kurudisha ya wenzao. Mwaka 1996 wajenzi walifukua kaburi la pamoja pale Towton, mifupa ya watu zaidi ya 30, mafuvu yamekatwakatwa. Mmoja wao alikuwa na jeraha kubwa la zamani kwenye taya, limepona vizuri. Alishawahi kukatwa vitani, akatibiwa, akaishi, akaitwa tena. Fundi, ukiuliza mtu wa kawaida alikuwa nani, mimi humfikiria huyo.

Na zile alama za lodi ziliwaua pia. Barnet, 14 Aprili 1471, Warwick alikuwa amehamia upande wa Lancaster, na kulikuwa na ukungu. Watu wa Lodi Oxford, wa upande wa Warwick, walivaa nyota yenye miali, na watu wa Mfalme Edward IV, mwana wa York, jua lenye miali. Wenzao wakadhani watu wa Oxford ni maadui, wakawapiga mishale. Kikosi kikavunjika kwa kelele za usaliti, na Warwick akafia hapo.

Vitabu vingi vinafunga hadithi Bosworth 1485, Richard III, mfalme wa ukoo wa York, alipouawa, au Stoke 1487. Mimi naifunga mbele zaidi. Henry VII, mshindi wa Bosworth, alioa binti wa ukoo wa York, sawa, lakini kazi kubwa aliyofanya ni kuwaandama malodi waliofuga watu wa kuvaa alama zao. Sheria kali ilipitishwa 1504. Mwaka 1507 George Neville, Lodi Bergavenny, alishtakiwa kwa kuweka watu 471 huko Kent kinyume cha sheria hiyo, akatozwa faini ya zaidi ya pauni 70,000. Hakuna lodi aliyekuwa na pesa kama hizo, na mfalme alilijua hilo alipoitoza.