Mratibu wa onyesho katunyang'anya ngoma kwa sababu ya rekodi aliyoisikiliza kwenye simu

Wadau, nimekaa siku nne bila kuandika kwa sababu nilijua ningeandika matusi. Hasira bado ninazo, ila angalau mikono imetulia.

Nafundisha kuimba hapa Bagamoyo. Kundi letu lina watu tisa, wengi ni vijana wa Dunda na Magomeni za hapa hapa mjini, na kwa miezi mitatu tulikuwa tunatengeneza tamthilia ya nyimbo. Kisa chake ni cha mjane anayemdai mwenye jahazi haki ya marehemu mumewe. Pesa ya kukodi wapigaji hatukuwa nayo, kwa hiyo kila mwigizaji akapewa chombo. Mjane alipiga zeze, mwenye jahazi alikaa na msondo, karani wake akashika kodiani ya kuazima yenye vifungo viwili visivyolia. Mpango huo sikuuokota njiani. Niliupata kwenye rekodi ya mchezo mmoja wa nyimbo, na rekodi nyingine ya mchezo huo huo ndiyo iliyotumika kutuvunja.

Naomba mnivumilie nieleze, maana asiyezijua hizi rekodi mbili hataelewa kwa nini sijalala.

Kuna mchezo wa jukwaani unaitwa Sweeney Todd. Ni habari ya kinyozi wa London aliyefungwa kwa hila za hakimu aliyemtamani mkewe. Miaka inapita, anarudi na jina jipya, anakuta mke hayupo na binti yake analelewa na hakimu yule yule. Anachukua nyembe zake. Muziki na maneno ya nyimbo ni ya Stephen Sondheim, mazungumzo ni ya Hugh Wheeler. Ulifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, tarehe 1 Machi 1979, ukiongozwa na Harold Prince. Len Cariou ndiye kinyozi, Angela Lansbury ni Bi Lovett, yule muuza mikate ya nyama anayempangisha chumba cha juu. Rekodi ya kikosi hicho ilitoka kwenye santuri mbili, na ukiiweka unaanza kusikia kinanda kama cha kanisani, halafu inakuja filimbi ya kiwandani inayokata masikio. Nyuma yao kuna okestra ya watu 26 iliyopangiwa sauti na Jonathan Tunick. Sondheim ameficha humo ndani vipande vya Dies irae, wimbo wa Kilatini ambao Wakatoliki waliuimba kwenye misa za wafu kwa karne nyingi. Hauji waziwazi, ameugeuza na kuupindua, lakini unakaa chini ya kila kitu kama maji chini ya ngalawa.

Miaka 26 baadaye, mwaka 2005, mchezo ukarudishwa Broadway na John Doyle. Watu kumi tu. Hakuna okestra. Waigizaji wenyewe ndio wapigaji, wanaimba, wanaigiza na kupiga, hawatoki jukwaani. Michael Cerveris, kinyozi, ana gitaa. Patti LuPone, Bi Lovett, anabeba tuba, lile tarumbeta kubwa la kukumbatia lenye sauti nene. Vijana wawili wanaopendana, Anthony na Johanna, wote wanapiga selo, ile fidla kubwa inayopigwa mtu akiwa amekaa. Aliyepanga upya sauti zote ili zitoshe mikono ya watu kumi ni Sarah Travis, na kazi hiyo ilimpa tuzo ya Tony, ile ya michezo ya Broadway.

Hiyo ya selo ndiyo iliyoniingia. Msichana amefungiwa ndani, mvulana yuko nje, na vyombo vyao ni vya aina moja. Kabla hawajasema neno la mapenzi, sikio limeshajua kuwa hawa wawili ni wa kitu kimoja. Nilipowasikilizisha vijana wangu, yule binti anayecheza mjane alishika kifua, akasema, "Mwalimu, hawa wanaongea kwa nyuzi." Tukaanzia hapo.

Sasa mratibu wa onyesho. Simtaji jina, na ukumbi wake siutaji. Alikuja mazoezini wiki mbili kabla, akauliza kwa nini hakuna spika kubwa na kwa nini mjane ameshika zeze badala ya maiki. Nikamweleza kwa heshima zote. Nikamtumia rekodi zote mbili kwenye simu, ya 1979 na ya 2005, nikijua mtu mzima akisikiliza ataelewa.

Kesho yake akaniita. "Kaka, ile ya kwanza ndiyo yenyewe. Hii ya pili mbona kama ya msibani? Ya kimaskini. Mimi nataka sauti ishibe." Akaleta kijana mwenye kompyuta, wakatengeneza biti za nyimbo zetu zote zenye fidla na matarumbeta ya kompyuta, wakaweka kwenye flashi. Vyombo vyetu vikaingia stoo. Vijana wakaambiwa waimbe plebeki.

Mratibu, kama unasoma hapa, soma taratibu. Ulichofanya wewe si kulinganisha. Umepima ipi inajaza spika ya simu.

Ile rekodi ya 1979 unayoiita yenyewe, ukubwa wake hautokani na wingi wa kelele. Ni watu 26 wanaomtazama kiongozi wa muziki, na kiongozi anamtazama mwimbaji. Cariou akivuta pumzi wanavuta naye. Kwenye ule wimbo kinyozi anapopoteza akili na kuapa kuua kila mtu, muziki unamkimbilia, unamwacha, unamrudia, kwa sababu kuna watu hai wanaomfuata. Ukitaka ule ukubwa, lipa watu 26. Mwaka 2023 Broadway waliurudisha mchezo wakakusanya tena okestra ya watu 26 na sauti zile zile za Tunick, kwa hiyo inawezekana, ila ina gharama. Flashi ya elfu kumi haikupi hata mmoja wao.

Halafu hilo neno "yenyewe". Kwenye rekodi ya 1979 kuna wimbo wa hakimu, anajichapa kwa aibu ya kumtamani binti aliyemlea mwenyewe. Wimbo huo Prince aliutoa jukwaani kabla mchezo haujafunguliwa rasmi, lakini wakaurekodi hata hivyo. Maana yake waliokata tiketi 1979 hawakuusikia, ila wewe uliyekaa Bagamoyo na simu umeusikia. Hata ya mwanzo si picha ya kilichotokea ukumbini. Ni kazi nyingine, iliyofanywa studio, kwa maamuzi yake. Kwa hiyo usiniletee "yenyewe" kama rungu la kupigia watu.

Sisemi ya 2005 inaishinda. Nikiulizwa Bi Lovett yupi, nampa Lansbury bila kusita. Ana joto, ana ujanja wa mama ntilie anayekuchekea huku anakupunjia nyama. LuPone ni mkavu zaidi, nilichelewa kumpenda. Na mnapotaka kwaya nzima ya mji inayokuhukumu, watu kumi hawatoshi, hilo nakubali. Ni kweli pia kwamba mtindo wa Doyle una mizizi kwenye ufukara. Kabla ya New York aliutengeneza mchezo huo mwaka 2004 Watermill, ukumbi mdogo wa viti kama 200 ndani ya kinu cha zamani huko Newbury, Uingereza. Mahali kama pale huwezi kuketisha okestra, hata ungetaka. Lakini sikilizeni walichokipata ndani ya ufukara huo. Anayesema uongo ndiye anayepiga. Muziki hautoki shimoni mbele ya jukwaa, unatoka mikononi mwa mtuhumiwa.

Na hili kwetu lina ugeni gani? Mzee Hukwe Zawose, aliyetoka Ugogoni akaishi na kufundisha hapa hapa Bagamoyo mpaka alipofariki mwaka 2003, aliimba huku vidole viko kwenye ilimba, ile marimba ya vidole ya Wagogo. Nani alimwambia aweke ilimba chini ashike maiki? Chuo cha sanaa kipo mjini kwetu tangu 1981, watu wanatoka nchi za mbali kuja kujifunza kupiga, kucheza na kuimba kwa mwili mmoja. Halafu mtu wa hapa hapa anaona aibu nayo.

Niwaonyeshe kitu kimoja tulichokipoteza. Yule kijana wa mwenye jahazi, alipokuwa anamjibu mjane kwamba haki zote zilishalipwa, alikuwa anapiga msondo kwa mkono wa kulia, na wakati wa kusema uongo anaegemeza kiwiko cha kushoto kwenye ngozi. Sauti inapanda, inabanwa, kama mtu aliyeshikwa koo. Sikumfundisha mimi, aliigundua mwenyewe siku moja ya mvua tuko barazani. Mara ya pili tu wenzake walishaelewa, ikawa kila kiwiko kikigusa ngozi mjane anageuza shingo kumtazama. Uongo wa mwenye jahazi ulikuwa unasikika kabla ya kuthibitishwa. Kwenye biti ya kompyuta kuna ngoma, ndiyo, nzito kabisa. Inapiga vile vile akisema kweli na akisema uongo.

Siku yenyewe. Bango limeandikwa "muziki wa moja kwa moja", na hiyo ni dhuluma ya kwanza kwa waliolipa kiingilio. Ukumbi umejaa, wake kwa waume, akina mama wa soko la samaki wamekaa mbele. Mjane anafika kwenye wimbo wake wa kudai, ubeti wa pili. Mama mmoja akainuka na noti, akaja akicheza kumtunza, kama tunavyofanya pwani tangu enzi. Vigelegele. Binti akafanya adabu aliyolelewa nayo, akasimamisha neno, akapokea, akainama kidogo. Mazoezini tulikuwa na zeze kwa ajili ya hilo hilo. Zeze linazunguka palepale mpaka mtunzaji arudi kwenye kiti, halafu unaendelea.

Flashi haikungoja. Ilimaliza ubeti wa pili peke yake, ikaingia wa tatu. Binti akafungua mdomo akakuta yuko nyuma, akaruka kushika maneno, akajikuta anajibu tusi ambalo mwenye jahazi hakuwa amelitoa. Mwenye jahazi naye akasimama katikati mikono mitupu, hajui pa kuiweka, kwa sababu miezi mitatu mikono hiyo ilikuwa na kazi. Watu wakadhani binti kasahau. Nyuma mtu akacheka. Mimi nilimwona kidevu kikitetemeka kwenye taa na sikuwa na la kufanya, nimesimama pembeni kama mgeni kwenye kazi yangu.

Alimaliza wimbo. Ana miaka 19, aliumaliza. Akaenda nyuma akakaa juu ya kreti la soda, hakuongea na mtu mpaka watu wote walipoondoka.

Baada ya hapo ndipo likaja la pesa. Tulikubaliana posho ya kuigiza na posho ndogo ya kupiga. Mratibu akakata ya kupiga. "Si hamkupiga?" Watu aliowafungia vyombo stoo kwa amri yake mwenyewe anawaambia hamkupiga! Na makubaliano yalikuwa ya mdomo, nalikiri hilo, nilimwamini.

Nyongeza, usiku: nimesoma majibu yenu. Mkuu uliyesema watazamaji wa sasa wamezoea sauti kubwa, nakuelewa, lakini watazamaji wale walimtunza mjane, hawakuitunza spika. Na wewe uliyeuliza kama nawakataza watu kupenda rekodi ya 1979, hapana, ninayo na nitaendelea kuisikiliza. Ninachokataa ni kuichukua kazi ya wapigaji 26 na kuifanya sababu ya kuwanyima tisa vyombo vyao.

Ninachohitaji sasa ni mambo mawili. Kama kuna mwenye uzoefu wa kudai posho iliyokubaliwa kwa mdomo mbele ya mashahidi tisa, aniambie naanzia ofisi gani, serikali ya mtaa au kwingine. La pili, ufunguo wa stoo bado yuko nao. Kodiani ni ya kuazima, mwenyewe anaitaka Ijumaa kwa ajili ya harusi. Msondo nao umelazwa kwenye sakafu ya saruji yenye unyevu, ngozi itakuwa imeshalegea, na nimempigia simu mara sita leo hapokei.