Mbio za ramani: mawe ya lava yanadanganya dira?

Mwana_Himbi: Jambo wandugu. Klabu yetu ya Goma inajiandaa kwa mbio za ramani na dira ndani ya hifadhi, zile za kukimbia ukitafuta vituo vilivyochorwa kwenye ramani. Ramani ni 1:10,000. Umbali napimaje? Na hii lava ya volkano ya Nyiragongo, inadanganya dira?

Yaya_Ramani: Sentimita 1 ni mita 100. Hesabu hatua zako kwa mita 100 barabarani, kisha porini. Zitaongezeka, mlimani zaidi. Elekeza ramani kaskazini, kidole gumba kikae kwenye ramani pale ulipo. Wengi hupotea kwa kukimbia kabla ya kusoma, dira wanaisingizia tu.

Busole: Lava inaweza kuidanganya kweli. Ina madini ya chuma, sindano ya dira inavutwa. Usiiweke juu ya jiwe. Ishike kifuani, mbali na simu, upime tena hatua chache mbele. Vipimo vikitofautiana, fuata njia, kingo za lava na mistari ya kontua (ile ya ramani inayoonyesha mwinuko). Kwenye bendera ya chungwa na nyeupe inayoonyesha kituo, linganisha namba yake na ya kituo unachotafuta kabla ya kutoboa kadi yako ya vituo: ukikosa kituo sahihi, matokeo yanafutwa.

Mwana_Himbi: Aksanti. Na nikipotea?

Yaya_Ramani: Rudi kituo cha mwisho ulichokuwa na hakika nacho. Hata ukiacha mbio, jiandikishe mwishoni, la sivyo watakutafuta hadi usiku.