Kibaha, Goba au Kigamboni? Tunahama Sinza na watoto wadogo

mama_wawili
Habari za jioni wakuu. Tunahama Sinza, hapa hapa Dar es Salaam. Tuna mtoto wa miaka minne anayeanza awali Januari, na mdogo wake ana miezi tisa. Dirisha letu linatazamana na baa. Juzi huyu mkubwa alikuwa anaogeshwa na bibi yake, akaimba wimbo wa baa mwanzo hadi mwisho, na bibi mwenyewe mlokole. Hapo ndipo baba yao alipokubali.

Hali yetu: hapa tunalipa 350,000, vyumba viwili na sebule. Huko tunakokwenda tunataka nyumba yenye uwanja, isizidi 300,000, tukae mwaka mmoja au miwili huku tukitafuta kiwanja. Mimi kazi yangu Posta, katikati ya jiji, naingia saa mbili. Mume wangu fundi majokofu, karakana yao iko Mikocheni. Gari hatuna. Tumebakiza sehemu tatu: Kibaha, Goba na Kibada ya Kigamboni. Naomba anayeishi huko aseme ukweli. Mwenye kiwanja cha kuuza anipite tu.

mzee_maili_moja
Binti yangu, karibu Kibaha. Mimi niko hapa Maili Moja tangu 2009, nimehamia watoto wakiwa kama wako. Hewa nzuri, ardhi tambarare, mikorosho mpaka uani. Hospitali ya Tumbi ipo, na ukizidiwa Mloganzila iko njiani kurudi mjini. Shule hatujapungukiwa, hili Shirika la Elimu lilianza na watu wa Nordiki mwaka 1963. Kwa hiyo 300,000 yako utapata nyumba nzima na bado utabakiza.

Lakini umeomba ukweli. Mwanangu wa pili anafanya kazi Posta kama wewe. Anatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, daladala hadi Mbezi, anaunganisha Kimara, halafu basi la mwendokasi. Barabara imepanuliwa, njia nane toka Kimara mpaka hapa, mbio zipo. Ukishafika Kimara unaanza foleni ya kugombania basi. Jioni anaingia saa mbili na nusu, watoto wameshalala. Mjukuu wangu aliniuliza siku moja, "Babu, baba anakaa wapi?" Nikacheka, ila mama yake hakucheka.

kijana_tabata
Hamieni Tabata tu, mnajitesa bure.

mama_wawili
@kijana_tabata baa za Tabata nazo zinafunga saa ngapi?

kijana_tabata
Nimejitoa.

mkazi_wa_goba
Dada, Goba ni mbili: ya lami na ya ndani. Ya lami ni nzuri kweli. Una njia ya Makongo, ya Tangi Bovu, ya Madale kwenda Wazo, na ya kutokea Mbezi mwisho. Mumeo Mikocheni atafika mapema, tena achague njia. Shida ni kwamba nyumba ya 300,000 yenye uwanja haipo kwenye lami. Iko ndani.

Dalali atakwambia "dakika tano kutoka lami". Muulize dakika tano za nini. Ni za bodaboda, kiangazi, dereva akiwa na hasira. Goba ni milima na mabonde, udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Kwetu kuna mteremko, masika bajaji hashuki, na bodaboda ya 1,000 inakuwa 3,000 au dereva anakwambia shuka hapa mama, malizia kwa miguu. Aprili iliyopita mke wangu alifika nyumbani ameshika viatu mkononi, mtoto mgongoni, mwavuli umegeuka nje ndani. Tunapapenda, tumejenga, hatuhami. Ila usije kuangalia nyumba Goba mwezi wa tisa. Njoo siku mvua imenyesha usiku kucha, na uje kwa miguu.

mpenda_reli
Mbona hamfikirii Morogoro? Treni ya umeme chini ya saa mbili upo Dar, milima ya Uluguru dirishani, mboga bei ya bure.

mzee_maili_moja
Nauli 13,000 kwenda, 13,000 kurudi. Zidisha siku ishirini na mbili, mwanangu, halafu utwambie hizo mboga za bure ni bei gani.

mwalimu_wa_awali
Mimi nafundisha darasa la awali, shule ya binafsi yenye mabasi, sitaitaja. Wote mmezungumzia safari ya mama na baba, hakuna aliyegusa safari ya huyu wa miaka minne.

Basi la shule linaanza kuchukua walio mbali. Mtoto wa kituo cha kwanza kwetu anapanda saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Anaamshwa saa kumi, anavalishwa akiwa amelala, anakuja na chapati kwenye mfuko imegandana. Saa tatu nikianza kuhesabisha namba, huyo kalala juu ya meza. Simwamshi. Wazazi wake nawajua, wamejenga nyumba nzuri nje ya mji ili mtoto apate uwanja wa kucheza, na uwanja anauona Jumamosi.

Kwa hiyo ukishapata nyumba, kabla hujalipa, uliza shule iliyo karibu kwa miguu ni ipi, hata kama ni ya serikali, hata kama si ile uliyoiota. Ukishindwa, zungumza na dereva wa basi, usiongee na ofisi. Ofisi itakwambia "tunafika huko". Dereva atakwambia mtaa wenu ni wa kwanza au wa mwisho.

fundi_bomba
Nimefunga mabomba pande zote tatu, acha niseme la kwangu. "Bomba lipo" na "maji yapo" ni maneno mawili tofauti. Ukifika mtaani tazama juu. Ukiona kila nyumba ina mnara na tenki la lita 5,000, majirani wameshakujibu. Kibaha maji yanatoka mtambo wa Ruvu Juu pale Mlandizi, kwa hiyo mko karibu na chanzo, ingawa karibu si sawa na kila siku. Goba kwenye vilele presha inasumbua, bondeni wanapata. Kigamboni nyumba nyingi zinategemea visima, na kisima na kisima vinatofautiana hata kwenye mtaa mmoja. Maji ya chumvi yanakula koki, na hita ya maji haimalizi mwaka.

Kipimo changu ni maharage. Beba nusu kilo, omba jirani akuchemshie kwa maji ya pale. Yasipoiva, usipange.

mama_kibada
😂 Fundi umetufichua. Lakini ni kweli, nyumba niliyopanga kwanza chai ilikuwa haihitaji chumvi wala maelezo. Nikahama mitaa miwili tu, maji safi kabisa.

Dada mama_wawili, mimi nakwenda Posta kila siku. Kibada hadi Feri daladala kama dakika ishirini, pantoni la kuvuka bahari 200, ukishuka unatembea kwa miguu mpaka ofisini. Kuvuka kwenyewe hata dakika kumi hazifiki. Kinachokula muda ni kusubiri pale bandani asubuhi, mmebanana, watu, baiskeli na ndoo za samaki. Siku chombo kimoja kikiwa kwenye matengenezo, usisubiri, panda magari ya darajani. Hili daraja limefunguliwa 2016, kabla ya hapo tulikuwa kama kisiwani. Mkija kununua gari mjue kuna tozo, ingawa walizipunguza 2022.

Mitaa ya Kibada imenyooka, kwa sababu ni moja ya maeneo ya ule mradi wa serikali wa kupima viwanja 20,000. Watoto wanaendesha baiskeli nje. Hospitali ya karibu ni Vijibweni.

Jambo moja hakuna aliyelisema: dada wa kazi. Mimi niliondokewa na wawili mwaka wa kwanza. Mmoja alisema hawezi kukaa porini, yeye katoka Singida kuja kuona jiji. Kama wa kwako mtoto kamzoea, njoo naye siku ya kuangalia nyumba, aone mwenyewe.

karani_ardhi
La kiwanja, kwa kifupi. Mmefanya vizuri kupanga kwanza. Karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa haitoshi, fanyeni upekuzi ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata shilingi. Na wa Kigamboni wanakumbuka, mradi wa mji mpya ulipotangazwa 2008 watu walikaa miaka hawajengi wala hawauzi. Ulizeni eneo limepangiwa nini.

mama_wawili
Wakuu, narudi na majibu, wiki tatu baadaye.

Kibaha tuliifuta kwa ajili ya lile swali la mjukuu wa mzee. Mzee, shikamoo, usinichukie. Kiwanja tunaweza kuja kutafuta kwako, watoto wakishakua.

Goba alikwenda mume wangu peke yake Jumatano, mvua imenyesha. Nyumba aliipenda sana. Karudi suruali nyekundu hadi magotini, akaniambia, "Nyumba nzuri, barabara mke wangu sijaiona." Bado anaizungumzia hiyo nyumba.

Kibada nililala kwa binamu yangu Jumatatu, Jumanne nikaenda kazini kutokea huko. Nimetoka saa kumi na mbili na robo, ofisini nimeingia saa mbili kasoro dakika ishirini, na pantoni la kwanza lilinijaa usoni nikasubiri la pili. Nyumba ni 280,000, uwanja una mwembe. Shule ya serikali iko mitaa mitatu, nimetembea na mtoto, dakika kumi na mbili kwa mwendo wake wa kuokota mawe. Darasa lina watoto wengi kuliko ninavyopenda, hilo nalijua. Dada wa kazi ameona bahari kwa mara ya kwanza, amesema anakaa.

Maharage nilibeba kweli, @fundi_bomba. Nyumba ya kwanza saa mbili za jikoni bado yanagonga bakuli. Ya pili yameiva, jirani akayaunga nazi tukala wote.

Anayeumia ni mume wangu, Mikocheni kutokea Kibada ni pantoni na daladala mbili. Anasema atanunua pikipiki. Nimekataa, bado tunabishana. Tumeshalipa miezi sita, na dalali wa Goba ananipigia kila siku kudai 20,000 ya kuonyesha nyumba.

Kuna mwenye tenki la lita 1,000 lililotumika, lisilovuja, upande wa Kigamboni au Mbagala?

fundi_bomba
Ninalo. Mfuniko umepasuka, nakutafuta faragha.