Ukimpendekezea mtu hadithi ya taharuki, umwambie mwisho au ukae kimya?

Mtoa mada: Wadau, siku hizi ukimwambia mtu asome The Monkey's Paw ya W. W. Jacobs, ile ya 1902, ukigusa tu kinachotokea unaambiwa umemharibia uhondo. Mi nakataa. Hadithi ile haikushiki kwa kuficha siri, inakushika kwa kukuchelewesha. Sajenti meja kaja na mkono mkavu wa tumbili kutoka India, anasema unatimiza matakwa matatu, halafu mwenyewe anautupa motoni! Hapo tu ushajua hakuna heri. Mzee White anauopoa, anaomba pauni 200, kesho yake kuna mtu wa kampuni mara tatu anafika getini anapitiliza, ya nne ndo anaingia kusema kijana wao kanaswa na mashine kazini, kampuni haihusiki ila inatoa kifuta machozi, pauni 200. Nimesema yote hayo na bado kasome.

Mchangiaji 1: Mkuu umemwaga mtama kwenye kuku wengi. Mi nilisoma bila kujua chochote, ile hela ilipotajwa niliweka simu chini kwanza. Mshtuko ule mtu anaupata mara moja tu maishani, we ushamnyang'anya. Sema mkono, matakwa matatu, ishia hapo.

Mtoa mada: Hela ni nusu tu mkuu. Nenda usiku ule mlango unagongwa, mama anakokota kiti afikie komeo la juu, baba yuko chini anapapasa sakafu kuutafuta ule mkono aombe la mwisho kabla mlango haujafunguliwa. Nimesoma najua kila kitu na kile kiti bado kinanitoa jasho. Na kilichoko nje Jacobs hakionyeshi kabisa, sasa hapo nakuharibia nini?

Mchangiaji 2: Inategemea hadithi bana. The Lottery ya Shirley Jackson, 1948, hiyo funga mdomo, wanakijiji wanakusanyika asubuhi kwenye bahati nasibu, basi. Halafu kuna watu wavivu, ukiwahadithia yote wanasema asante nimeelewa, kitabu hawagusi tena.

Mchangiaji 1: Na we nawe, ukishaniambia "funga mdomo" ntaanza kunusa ubaya toka mstari wa kwanza, si ni yale yale tu?