Mrejesho: Shamba la kinamasi kilichokaushwa, Kabale

Wakuu, niliuliza kwa nini shamba langu la viazi bondeni Kabale, Uganda, palipokuwa na mafunjo zamani, linazidi kutitia. Walioniambia udongo huu ni mboji (mabaki ya mimea yaliyorundikana majini bila kuoza kabisa), ukikaushwa hewa huingia, unaoza na kupungua, asanteni sana.

Nimeweka mbao kwenye mfereji mkubwa, za kupandisha na kushusha, ili kiangazi maji yasishuke mno ardhini, udongo ukakauka. Sehemu ya chini kabisa ni magimbi sasa; yanapenda maji. Viazi vimebaki pembeni kwenye matuta ya juu. Majani sichomi, maana mboji ikishika moto hufukuta chini kwa chini. Kutitia kutapungua tu, hakutakoma, isipokuwa mafunjo yakirudi.

Kasheshe ni jirani: anahofia maji yatamrudia. Tunaongea.