Tupeane uzoefu: darasani ulifundishwa hivi, kazini ukakuta vile

Wakuu, naanza mwenyewe. Nilisomea ufugaji wa samaki, nikapata kibarua kwenye vizimba vya sato ziwani, huku Luchelele, Mwanza. Wiki ya kwanza, alfajiri, usiku kucha kulikuwa na mawingu, ziwa limelala, maji ya kijani kama mlenda. Nafika na ndoo ya chakula, nakuta sato wote juu, midomo wazi. Nikafurahi, leo wana njaa! Mzee wa mtumbwi akanidaka mkono: "Weka ndoo chini, mwanangu. Hao wanatafuta hewa."

Na nilikuwa nalijua. Usiku ule uoto wa kijani wa majini unaacha kutoa oksijeni, unabaki kuitumia tu, ndiyo maana inashuka kabisa kabla ya jua kuchomoza. Samaki akila saa hiyo anahitaji hewa zaidi ya kumeng'enya chakula. Swali hilo nilipata maksi zote. Ila samaki wa kwenye mtihani hakuwa na mdomo.

Haya, nani anafuata?

Dereva wa Nyegezi: Mkuu, mimi udereva nilijifunzia uwanjani, tambarare kama meza. Kubalansi klachi nikaeleza vizuri hadi mwalimu akatabasamu. Siku ya kwanza na Hiace ya bosi napanda Bugando, foleni ikasimama mlimani. Gari likaanza kurudi nyuma, abiria wanataja majina ya Mungu yote. Konda akaruka na jiwe, akaziba tairi. Mwanza hii, angalau mawe hayakosekani.

Mama Dagaa: Mie kinyume chenu, nadharia ilikuwa sahihi. Semina walituambia anika dagaa kwenye chanja, siyo mchangani. Nikajenga, nikanunua na wavu. Dagaa wakatoka safi, wanang'aa. Nafika soko la Mwaloni, Kirumba, mnunuzi ananipa bei ileile ya wa mchangani, na anapima kwa kilo! Jirani yangu anauza dagaa na mchanga wake, mie nauza dagaa peke yake. Chanja sijaing'oa, maana mvua ikinyesha wa mchangani wanalowa juu na chini.

Kijana wa Igombe: Niliambiwa dagaa hufuata taa. Kweli. Hawakuniambia mbalamwezi ikiwaka, taa yangu ni pambo la mtumbwi.

Mwanzisha mada: 😂😂 Dereva, yule konda bado uko naye? Mama, hao wa chanja nitunzie kilo tano, Jumamosi nashuka Kirumba.