Tupeane uzoefu: kambi tulivu zinazofikika kwa anayesafiri peke yake, jangwa la kusini-magharibi mwa Marekani

Mchanga_Mwekundu
Wakuu, uzi huu ni wa wanaozunguka peke yao Arizona, New Mexico, kusini mwa Utah na upande wa jangwa wa California. Tunatafuta sehemu za kulala zenye utulivu, gari dogo liingie na litoke, na mwenye kitimwendo asiachwe nje. Simulizi za safari tuziweke kando, tuandike kitu ambacho mtu atakitumia kesho.

Naanza na ardhi, maana ukikosea hapo utagongewa dirisha usiku. Maeneo makubwa ya wazi yako chini ya Bureau of Land Management, idara ya serikali kuu inayosimamia ardhi ya umma, wote wanaiita BLM. Sehemu nyingi unalala bure siku 14 katika kila siku 28, kisha unahama. Tatizo ni State Trust Land, yaani ardhi ya jimbo la Arizona: kwa macho ni jangwa lilelile, ila hiyo inataka kibali cha kulipia, unakichukua mtandaoni kabla hujaingia. Ardhi ya Navajo na mataifa mengine ya wenyeji ina ruhusa yake, usiichukulie kama ya BLM. Kwa hiyo weka kwenye simu ramani inayoonyesha mmiliki wa ardhi, na uipakue ukiwa bado na mtandao.

Anza-Borrego, hifadhi ya jimbo kule California, ni ya kipekee kwa mawazo yangu: inakuruhusu kulala nje ya kambi rasmi bila malipo. Sharti la moto ni kuuwasha ndani ya chombo cha chuma, na majivu unaondoka nayo.

Dereva_wa_I10
Utulivu unautafuta kwenye ramani kabla ya kuwasha gari. Kitu cha kwanza ni reli. Njia ya treni za mizigo inayopita Ludlow na Amboy, kule California, haina usiku wala mchana, na kila treni inapokaribia makutano na barabara lazima ipige honi. Kilomita mbili haitoshi, sauti jangwani inasafiri. Tafuta sehemu yenye kilima kati yako na reli.

Pili ni jeshi. Kofa, hifadhi ya wanyamapori Arizona, ni pazuri sana na milima yake imesimama wima, lakini inapakana na Yuma Proving Ground, mizinga inasikika. Karibu na Gila Bend na Ajo kuna Barry M. Goldwater Range, ndege za kivita zinapita chini. Kulala ndani ya eneo hilo kunahitaji kibali.

Tatu ni watu wenye pikipiki za mchangani. Imperial Sand Dunes wikendi za msimu wa baridi ni kelele tupu. Quartzsite mwezi Januari ni mji wa magari ya kulala, jenereta kila upande. Ukiwa huko, La Posa, eneo la BLM la kukaa muda mrefu, ina kibali cha siku 14 au cha msimu mzima, kuanzia 15 Septemba hadi 15 Aprili, na ukienda mbali na lango na vyoo kelele zinapungua.

Kanuni yangu: ingia Jumapili jioni, siyo Ijumaa. Na usisimame kwenye nafasi ya kwanza baada ya lami, hapo ndipo kila anayechelewa ataegesha.

Bi_Sanura
Ahsanteni. Swali la kitimwendo: kambi ikiandikwa inafaa walemavu, mtu akague nini hasa kabla ya kulipa? Atakuwa peke yake.

Fundi_Viti
Dada, alama ile ya kitimwendo kwenye tovuti inakuambia kidogo sana. Piga simu ofisi ya kambi, uliza kimoja kimoja.

Ardhi kwanza. Kokoto za mviringo zilizomwagwa juu ni mbaya kuliko udongo, magurudumu madogo ya mbele yanazama. Unataka changarawe laini iliyoshindiliwa au zege. Kuna gurudumu moja kubwa linalofungwa mbele ya kiti na kuinua yale madogo hewani. Jangwani hicho ndicho kifaa cha kununua kwanza. Mbao za kutandika watu wanazisifu, lakini aliye peke yake nani atamhamishia? Mkeka mgumu wa kukunjua unafaa zaidi.

Choo. Mlango uwe na upana wazi wa inchi 32, yaani sentimita 81. Sasa kinachowaponza wengi siyo mlango. Mvua inakula udongo pembeni ya zege ya choo, kinabaki kidaraja cha sentimita nane au kumi, na kwenye karatasi choo bado ni cha walemavu. Omba picha ya sakafu inapokutana na ardhi.

Meza iwe na ubao uliochomoza upande mmoja ili magoti yaingie. Bomba la maji liwe la kusukuma kwa ngumi. Mteremko, weka chupa ya maji ubavu kwenye sehemu ya kuhamia kutoka gari. Ikibingirika, sogeza gari.

Miiba sasa. Kuna mbegu ndogo yenye pembe wanayoiita goathead, inatoboa tairi la kiti dakika ileile. Weka tairi zisizojazwa upepo. Kakatusi ya cholla inadondosha vipande ardhini, na kikikushika usikivute kwa vidole, utashikwa na mkono pia. Pitisha chanuo chini yake, kirushe mbali na uso.

Kwenye ardhi ya wazi, tafuta ule uwanda wa mawe madogo meusi yaliyojipanga bapa. Kiti kinapita vizuri. Ila alama ya tairi hapo inakaa miaka mingi sana, kwa hiyo tumia nafasi ambayo tayari ilishatumika.

Mwenye ulemavu wa kudumu, raia au mwenye green card (kadi ya ukaaji wa kudumu Marekani), anapata Access Pass bure: anaingia hifadhi za taifa bila kulipa, na kambi nyingi za serikali kuu anakatiwa nusu. Hifadhi za majimbo haziitambui.

Kibonde
Makorongo! Sakafu ya korongo ni mchanga laini, tambarare, kivuli kizuri, inakuita ulale. Usilale. Msimu wa mvua za radi unahesabiwa 15 Juni hadi 30 Septemba, na mvua inaweza kunyesha mbali milimani huku kwako nyota zinawaka. Angalia takataka zilizonasa kwenye matawi, ule ndio urefu wa maji yaliyopita.

Jambo ambalo watu hawalihesabu: kambi iko juu, salama, lakini njia ya kutokea inavuka makorongo matatu. Yahesabu kwenye ramani. Futi moja ya maji yanayokwenda inatosha kulibeba gari dogo.

Kwenye mchanga shusha upepo wa tairi hadi karibu psi 20, ubebe pampu ya kurudishia. Bila pampu usishushe.

Mchanga_Mwekundu
Naongezea joto. Kila ukipanda mita 1,000 hewa inapoa kama nyuzi 6 za Selsiasi. Kiangazi acha Yuma, panda misitu ya Flagstaff iliyo zaidi ya mita 2,000. Maji, galoni moja kwa siku ni kiwango cha chini, na akiba ya siku mbili isiguswe.

Nesi_Tucson
Valley fever, tofauti kabisa na Homa ya Bonde la Ufa ya mifugo. Chanzo ni kuvu (fangasi) iliyo kwenye udongo wa Arizona na California, unaivuta na vumbi. CDC, kituo cha serikali ya Marekani cha kudhibiti magonjwa, wanaeleza kwamba watu weusi wako kwenye hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kusambaa mwilini, kwa hiyo tusilipuuze. Upepo wa vumbi ukija, funga vioo na uweke hewa ya gari izunguke ndani. Usichimbe kwenye udongo mkavu bila barakoa. Ukikohoa na kuchoka zaidi ya wiki moja baada ya safari, mwambie daktari umelala jangwani na uombe kipimo chake. Nje ya majimbo hayo wengi watakupa dawa za nimonia tu.

Dereva_wa_I10
Green card tembea nayo mfukoni, sheria inamtaka mwenye miaka 18 na zaidi awe nayo. Vituo vya ukaguzi wa uhamiaji haviko mpakani peke yake: barabara kuu ya I-19 ukitoka Tubac kwenda kaskazini, na barabara ya 85 upande wa Ajo, utasimamishwa. Zima muziki, shusha kioo, kadi iwe karibu, siyo chini ya hema na jiko.